Masinia Thelathini na Mawili kwa Dakika Tatu

Benchi letu liko kwenye kona ya mtaa wa wafua shaba, mlangoni kwa Şeyhmus muuza kahawa, hatua thelathini kutoka kiwanda chetu cha baklava, keki ya matabaka ya unga na shira. Nasema chetu ingawa tajiri ni mwingine, kwa sababu tajiri anajua kuuza, kazi tunaijua sisi. Mimi ni Remzi, mtu wa tanuri, wananiita Moshi na sikasiriki. Leo alasiri tulikaa pale watu wanne. Mimi. Nusret, kiongozi wa wabeba masinia, tunayemwita Kipaza, na ukiwa mtaa wa pili utajua kwa nini. Bekir kinyozi, yeye ni Gazeti, maana kila kitu anakijua kabla hakijatokea. Na katikati, mahali pa heshima, Fundi Hıdır, miaka hamsini na moja anasukuma unga. Tabaka lake moja ukiliinua mbele ya macho unamwona mtu wa upande wa pili na masharubu yake. Zimebaki siku nne Idi Kubwa ifike. Na asubuhi hii tulifanya zoezi la dharura kazini, tukapewa sifuri.

— Sifuri! Nusret akapiga kiganja kwenye benchi hadi vikombe vikacheza. Sifuri, jamani! Masinia thelathini na mawili kwa dakika tatu, hata moja halikuinama, halafu mtu anachukua kalamu anaandika sifuri!

— Kipaza, teremsha sauti, nikamwambia. Watu wa msikitini wameshasikia.

— Wasikie! Mji mzima usikie! Nitajie kiwanda kingine hapa Antep kinachotoa masinia thelathini na mawili kwa dakika tatu. Kimoja tu, Moshi.

Sikumtajia, kwa sababu hakipo.

— Mimi nilikuwa na mteja, kidevu kimejaa povu, sikuona, akasema Bekir Gazeti. Hebu nianzieni mwanzo. Huyo mtaalamu aliwafundisha nini hasa?

— Wewe si unajua kila kitu?

— Najua. Nataka nione kama nyinyi mnajua.

Basi nikamweleza. Siku mbili tulifundishwa. Bi Nilgün, mtaalamu wa usalama kazini, binti wa watu, kizibao cha rangi ya chungwa, filimbi shingoni. Alitukalisha juu ya magunia ya unga akasema: ardhi ikitikisika, inama, jifunike, shikilia mguu wa meza. Ikitulia, king'ora kinalia. King'ora kikilia, unaacha ulichoshika, unapanda ngazi, unakuja hapa nje kwenye chemchemi ya mtaa, unaitwa jina, unasema nipo. Basi. Hata mtoto anaelewa.

— Na mtungi wa kuzimia moto, akadakia Nusret. Usiruke mtungi! Unavuta pini, unaelekeza chini ya moto, unabana. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani.

— Ulimpulizia tajiri viatu.

— Aliambiwa asisimame karibu.

— Sasa kama mlielewa hivyo, akasema Bekir, mlikosea wapi?

— Nani kakosea? Hatukukosea!

Hapa ilibidi niseme mimi, maana kosa, kama ni kosa, limeanzia kwangu. Chumba cha kusukumia unga kiko chini, unateremka ngazi tisa, kwa sababu unga unataka ubaridi. Tanuri liko juu. Kuni zangu za mwaloni zikishika sawasawa napiga kengele, na kengele ikilia masinia yanapanda. Miaka ishirini na sita napiga kengele ile. Hakuna anayeuliza, hakuna anayefikiri, mikono inakwenda yenyewe. Mmoja kwenye kila ngazi, sinia linapita kiganja hadi kiganja, limebeba matabaka arobaini mabichi na njugu za fistiki za kijani katikati, na hakipasuki kitu. Sasa binti wa watu akabonyeza king'ora chake. Kulia tu, vijana wameshajipanga kwenye ngazi. Hata mimi niliacha tanuri nikakimbilia mlangoni kupokea. Wallahi sikukumbuka neno moja la darasani. Na usinikasirikie, ilipendeza! Masinia yalitoka mlangoni yakapangwa kuzunguka chemchemi, wapita njia wakasimama, mzee mmoja akapiga makofi.

— Miguu haikukosea, akasema Fundi Hıdır kwa sauti yake ya chini. Mimi nilikuwa naona miguu tu, lakini haikukosea.

— Umesikia? Nusret akamgeukia Bekir. Fundi mwenyewe huyo!

— Ngoja kwanza. Kwa nini uliona miguu tu, Fundi?

— Nilikuwa chini ya meza.

— Aliinama, akajifunika, akashikilia, nikasema. Vile vile alivyofundishwa. Sasa unalijua goti lake. Likakataa kunyooka.

— Na juu ya meza kulikuwa na unga wazi, akasema Fundi, akajiweka vizuri kwenye benchi, maana hapo ndipo palipomnogea. Matabaka kumi na mawili, na upepo wa mlango unaingia. Dakika mbili tu hizo yanakauka, unatupa. Basi nikatoa mkono hivi, kwa chini, nikapapasa meza, nikapata kitambaa, nikayafunika. Nikakishikilia kisipeperuke. Yule binti alipoteremka na orodha yake ya majina, alikuta mkono wa mtu umelala juu ya meza, mtu mwenyewe haonekani. Alipiga ukelele, maskini ya Mungu!

Tukacheka mpaka Şeyhmus akatoka ndani kuangalia kuna nini.

— Na matabaka? Bekir akauliza, akijifuta machozi.

— Hata moja halikukauka.

— Mashallah!

— Tuliyachoma saa tano. Muulize Moshi.

— Yalitoka yanalia, nikasema, na ni kweli. Baklava yetu ukiiuma inalia mdomoni, krachi, kabla ulimi haujaonja shira. Nilijivuna, nisikufiche. Mtu amekwama chini ya meza ya marumaru na bado anaulinda unga! Kiwanda gani kingine kina mtu wa namna hiyo?

— Kwa hiyo, akasema Bekir, akakunja nne, nasi tukajua sasa gazeti linafunguliwa. Kwa hiyo hiyo sifuri ina sababu nyingine. Huyo binti katokea wapi?

— Pwani huko.

— Basi! Tumemaliza! Watu wa pwani wanakata baklava kwa kisu. Mtu anayekata baklava kwa kisu atajua nini habari za sinia?

— Eeh, nilimwona! Nusret akaruka. Tajiri alimpa kipande cha kuonja, akaomba kisu na uma. Kwa macho yangu haya.

— Toba! akasema Şeyhmus kutoka mlangoni.

— Lakini hiyo ni sababu ndogo, akaendelea Bekir. Sababu kubwa iko nyuma yake. Nani anafaidika kiwanda kikiwa kitupu? Watu wote nje, mlango wazi, unga wa Fundi umelala mezani. Nani, Moshi?

— Paka.

— Washindani! King'ora kile si cha tetemeko, ni cha kuwatoa nyinyi nje ili mtu aingie apige picha. Apime unene wa tabaka, achote mfukoni wanga kidogo anaonyunyizia Fundi asukumapo, aondoke. Na aliyegundua ni mmoja tu. Fundi! Ndiyo maana hakutoka. Alibaki kulinda.

— Nilibaki kwa sababu ya goti, Bekir.

— Goti lako lilijua, Fundi.

— Huyu mtu mgonjwa, nikasema.

— Mimi mgonjwa? Haya, niwape na ya mwisho, lakini isitoke kijiweni. Unga wa Fundi unasikia ardhi. Kabla ya tetemeko unapasuka pembeni, mimi nimeuona.

— Ulipasuka kwa sababu tajiri alileta unga wa ovyo, akasema Fundi.

— Ndivyo walivyotaka uamini! Huko mji mkuu wana mitambo chumba kizima, na hakuna mtambo unaosikia kama tabaka lako. Wanakutaka wewe. Wakukalishe maabara, usukume unga mchana kutwa, na madaktari kumi na madaftari yao wakuzunguke wakisubiri utikisike. Ndiyo maana wanatafuta namna ya kukutoa kwenye meza.

Hapo kicheko kikakatika. Bekir mwenyewe akajua ameteleza, akajikohoza. Maana habari ya kumtoa Fundi kwenye meza ilikuwa imeandikwa, na karatasi ya Bi Nilgün ilikuwa mfukoni mwa Nusret.

— Soma, Kipaza, nikamwambia.

— Sisomi. Soma wewe.

Nikaisoma. Zoezi la pili ni kesho saa tatu asubuhi. Mfanyakazi ambaye hatafika kwenye chemchemi ndani ya dakika nne hataruhusiwa tena kufanya kazi katika chumba cha chini. Sahihi, muhuri. Jina la mtu halikuandikwa.

— Ni mimi, akasema Fundi. Semeni tu, mnaogopa nini? Ni mimi.

— Fundi, usiseme hivyo.

— Niliingia chumba kile sina hata ndevu. Watanipeleka wapi? Juu, kaunta, nifunge maboksi kwa utepe? Mkono huu ufunge utepe?

Akatuonyesha mkono. Wanga umeingia kwenye mikunjo ya ngozi, hauoshwi ukatoka, hata siku ya harusi ya binti yake alikuwa nao. Nikanywa kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Haendi mtu popote! Nusret akasimama. Sikilizeni. Leo tumetoa kwa dakika tatu, siyo? Kesho dakika mbili! Nawapanga vijana wawili wawili kila ngazi. Masinia arobaini!

— Arobaini kwa dakika mbili? Bekir akapiga mluzi.

— Na hakuna hata moja litakaloinama! Halafu aandike sifuri kama ana moyo wa kuandika.

— Yavikwe vitambaa vyeupe, akasema Bekir, ameshasahau aibu yake. Mbele awepo mtu wa kusafisha njia.

— Nitatoka mimi na koleo la tanuri, nikasema. Nami damu ilikuwa imechemka, Mungu anisamehe.

— Na ngoma! Na zumari! Nusret alikuwa anapunga mikono yote miwili. Tumlete yule mpiga ngoma wa maharusi, king'ora kikilia tu naye anapiga. Wajue sisi ni nani!

— Fundi abaki pale pale chini na kitambaa chake, akasema Bekir. Kama jemadari.

— Nitabaki, akasema Fundi, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Mkiniambia nibaki, nitabaki.

Tulikuwa tumefikia hapo wakati Mama Döne, mke wa Fundi, alipotokea kwenye kona na mikate ya moto kwapani. Kijiweni kwetu wanawake hawakai, na yeye hakukaa. Alisimama. Tukasimama sote isipokuwa Fundi.

— Shikamoo, Mama.

— Marahaba, wanangu. Nawasikia tangu kwa mwoka mikate. Masinia mangapi, Nusret mwanangu?

— Thelathini na mawili, Mama!

— Kwa dakika ngapi?

— Tatu!

— Mashallah. Mungu aipe afya mikono yenu.

Nusret akavimba kifua. Mama Döne akahamishia mikate kwapa la pili.

— Na mume wangu alitoka dakika ya ngapi?

Nusret akashusha kifua. Akanitazama mimi. Nikajaribu kukumbuka. Nilikuwa nafunika masinia, jua lilikuwa limeanza kuyapiga, nilikuwa naita vitambaa, vitambaa. Halafu nikamwona Fundi amekaa kwenye ukingo wa chemchemi na glasi ya maji mkononi. Kati ya vitambaa na glasi ya maji sikukumbuka kitu. Bekir, anayejua yote, alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kitupu.

— Ilikuwa... Moshi, ilikuwa ya ngapi?

— Sijui.

— Aliyempandisha ni nani? akauliza Mama Döne.

Akajibu Fundi mwenyewe, anatazama chini.

— Yule binti. Na dereva wa teksi aliyekuwa anapita. Mtu mwema. Sikumuuliza jina.

— Dereva wa teksi.

— Döne, usikuze mambo. Lilikuwa zoezi tu.

— Aliita, akasema Mama Döne, na hili alituambia sisi, si yeye.

— Sikuita!

— Uliita, mzee. Umeniambia mwenyewe mchana, unakunywa supu. Uliita Nusret, mara mbili. Halafu ukasema, wana kazi, ukanyamaza.

Fundi akaivuta kofia. Masikio yalikuwa yamemwiva.

— Sikusikia, Mama, akasema Nusret. Wallahi sikusikia. King'ora kilikuwa kinalia, na masinia...

— Najua, mwanangu. Ungesikia ungekuja, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Hakuwa na hasira hata kidogo, afadhali angekuwa nayo. Alitoa mkate mmoja akamwekea Fundi mapajani, akasema kesho saa tatu atakuja kusimama pale kwenye chemchemi, akaenda zake.

Niliona aibu, na sioni sababu ya kuificha. Sisi wa mji huu hatuhitaji mtaalamu wa pwani atueleze ardhi ikicheza inakuwaje. Tangu lile tetemeko kubwa mpaka leo viatu vyangu navilaza mlangoni, ncha zikitazama nje. Jirani zangu wawili sitawaona tena. Na bado, king'ora kimelia, tumetoa baklava.

Şeyhmus akaleta kahawa mpya bila kuagizwa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

— Fundi, akasema Nusret. Sikujua kwamba anaweza kuongea taratibu hivyo.

— Sema.

— Una kilo ngapi?

— Za kufanyia nini?

— Sinia nalijua uzito kabla sijaligusa. Wewe sikujui.

— Aka! Mimi sibebwi. Fundi akashika fimbo yake. Nitapanda mwenyewe.

— Kila jioni nakupa bega kupanda ngazi, Fundi. Robo saa, na tunapumzika mara mbili. Wamekupa dakika nne.

— Nimesema sibebwi! Mbele ya mke wangu? Mbele ya mtaa mzima, nibebwe kama gunia?

— Nani kasema gunia? Nusret akapiga goti moja chini, mbele ya benchi, na suruali yake safi. Nina miaka ishirini na moja napokea kutoka mikononi mwako. Niliwahi kuangusha?

Fundi Hıdır akafikiri. Ni mtu wa haki, hata akikasirika hasemi uongo. Alifikiri miaka yote ishirini na moja, Idi zote, majira yote ya harusi, na sisi tukasubiri.

— Hujawahi, akasema.

— Basi kesho wewe ndiye sinia la kwanza.

— Na mengine?

— Yakauke!

Fundi alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Halafu akaukata ule mkate, akampa Nusret kipande, akatupa na sisi.

Tukanyanyuka wote. Bekir aligeuza kibao cha kinyozi akafunga mlango, Şeyhmus akaacha birika jikoni. Tukateremka chumba cha chini, tukamkalisha Fundi chini ya meza yake, mimi nikapanda kupiga kengele na kurudi mbio kubeba. Mara ya kwanza tulimgonga bega kwenye fremu ya mlango. Mara ya pili Bekir alijikanyaga, tukapoteza kiatu cha Fundi. Mara ya tatu alitoka amekaa juu ya mikono ya Nusret na yangu, mgongo wima, kofia haijaenda upande, sekunde hamsini kwa saa ya Şeyhmus, na alitutukana ngazi zote tisa.